UZI: "Wafugaji wanakataa chanjo." Kabla hujairudia hiyo sentensi, soma historia ya Turkana

Kila msimu wa siasa ukifika kuna sentensi tatu ambazo lazima zirudi. Ya kwanza: watoto wa kaskazini hawachanjwi kwa sababu wafugaji wanakataa, ni mila, ni kuhamahama. Ya pili: kaunti imekula pesa za afya. Ya tatu: ni serikali kuu, haijanunua chanjo. Mtu anachagua moja kulingana na upande anaopigia kura, mjadala unaishia hapo, matusi yanaanza.

Leo sitataja mwanasiasa wala chama. Mkiwataja kwenye maoni, hiyo ni shauri yenu. Nataka tu kueleza tulifikaje hapa, na nitaeleza kutokea Lokitaung kwa sababu ndiko nilikozaliwa.

Wengi wenu mnaijua Lokitaung kwa jambo moja: gereza. Ndiko wakoloni walikowafungia wapigania uhuru miaka ya 1950, kwa sababu palikuwa mbali na kila mtu. Shikilia hilo neno "mbali", litarudi. Iko Turkana Kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia na Sudan Kusini. Ukiwa Lodwar, makao makuu ya kaunti, bado una zaidi ya kilomita 120 hata ungekwenda kwa mstari ulionyooka, na barabara zetu hazijawahi kuujua huo mstari. Nairobi hadi Lodwar ni kama kilomita 700. Kaunti nzima ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Unaweza kuingiza Rwanda mbili humo na ubaki na nafasi ya kuchungia mbuzi.

Tuanze.

Serikali ya kwanza kufika kwetu haikuja na sindano. Ilikuja na bunduki. Mwaka 1918 Waingereza walituma msafara wa kijeshi walioupa jina la Labur Patrol, kwa milima hii hii iliyo karibu na Lokitaung, na mifugo mingi ikachukuliwa. Baadaye Turkana ikawa wilaya iliyofungwa, kuingia ni kwa kibali. Kwa miongo kadhaa kazi ya serikali huku ilikuwa kulinda mpaka, kukusanya kodi na kuzuia ng'ombe wetu wasipeleke magonjwa kwenye mashamba ya masetla. Afya ya mtoto wa Mturkana haikuwa kwenye orodha.

Uhuru ukaja. Mwaka 1965 serikali ikatoa ule Waraka Na. 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, ambao wengi wanautaja bila kuusoma. Ndani yake kuna uamuzi kwamba pesa za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Soma tena hicho kipande cha mwisho. Yaani mwaka 1965 tayari ilishaandikwa kwamba kuna Wakenya wanaopokea na Wakenya wasiopokea. Ile sentensi ya "wanakataa" unayoisikia jukwaani leo ina umri wa miaka sitini.

Sasa chanjo zenyewe. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuchanja watoto wote dhidi ya magonjwa sita: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Wakati huo katika nchi maskini hata watoto watano kati ya mia hawakuwa wakimaliza dozi tatu za dondakoo, kifaduro na pepopunda. Kenya ikaanzisha mpango wake wa kitaifa, KEPI, mwaka 1980. Huu mpango umeokoa watu, tusicheze na hilo. Makadirio yaliyotolewa 2024 yanasema chanjo zimeokoa maisha milioni 154 duniani ndani ya miaka 50. Mimi ni mmoja wa waliochanjwa, kovu la BCG liko mkononi.

Lakini angalia mpango ulivyojengwa. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto kutoka kiwandani mpaka kwenye mkono wa mtoto. Lodwar mchana joto linapita nyuzi 35 bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo unahitaji friji. Friji inahitaji umeme, au mafuta ya taa, au gesi, siku hizi sola. Inahitaji jengo, nesi wa kuisoma kipimajoto asubuhi na jioni, na gari la kuleta mzigo. Mpango mzima umejengwa kwa mama anayeishi karibu na jengo, karibu na barabara, na ambaye atakuwa hapo hapo wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, na siku hizi mwezi wa 18. Kwa mama wa Kiambu inaingia akilini. Kwa mama ambaye adakar yake, yaani zile boma zinazohama pamoja kwa usalama, imeondoka Lokitaung kufuata malisho upande wa Kibish, hiyo kadi ni ratiba ya mtu mwingine.

Na nani alijenga hayo majengo huku? Kwa sehemu kubwa, si serikali. Njaa ya 1961 ndiyo iliyofungua mlango: mapadre na masista wa Kikatoliki waliingia na chakula, wakabaki na zahanati. Ukiongea na wazee wa Turkana Kaskazini kuhusu sindano za kwanza, wengi watakutajia sista wa misheni kabla ya kukutajia daktari wa serikali.

Halafu wakaja Wanorwe. Miaka ya 1980 NORAD ilikuwa karibu kama serikali ya pili Turkana: lami ya kutoka Kitale kuja Lodwar, uvuvi, miti, visima, na kile kiwanda cha samaki cha Kalokol ambacho watu wa maendeleo wanakitumia hadi leo kama mfano wa namna ya kutojenga kiwanda. Mwaka 1990 Kenya na Norwe zikagombana kwa sababu za kisiasa za Nairobi, uhusiano wa kibalozi ukavunjwa, NORAD wakafunga virago. Hakuna Mturkana aliyeulizwa. Shughuli za wilaya nzima zilisimama kwa ugomvi uliotokea kama kilomita 700 kutoka Lodwar. Weka hiyo pembeni, tutaihitaji tukifika 2025.

Miaka hiyo hiyo, kuanzia mwisho wa 1989, kukawa na ada hospitalini. Chanjo yenyewe haikuwa ya kuuzwa, lakini mtu aliyezoea kuambiwa "lipa kwanza" haulizi ni huduma gani ya bure. Anabaki nyumbani.

Sasa ninakuja kwenye kitu ambacho, kama utakumbuka kimoja tu kwenye huu uzi, ningependa kiwe hiki.

Kenya ina utafiti mkubwa wa afya ya familia unaofanywa kila baada ya miaka kadhaa, ule unaojulikana kwa kifupi kama KDHS. Ndiko zinakotoka zile asilimia za chanjo mnazorushiana humu. Utafiti wa 1993 ulionyesha asilimia 79 ya watoto wa kati ya miezi 12 na 23 wamekamilisha chanjo za msingi. Wa 1998, asilimia 65. Wa 2003, asilimia 57.

Wanasiasa wanazipenda hizi namba kwa sababu zinaonyesha kushuka. Kumbe kuna jambo dogo limeandikwa kwenye utangulizi wa ripoti. Tafiti za kabla ya 2003 hazikufika kaskazini. Mkoa wote wa Kaskazini Mashariki haukuwemo. Isiolo, Marsabit, Samburu, hawakuwemo. Turkana haikuwemo. Utafiti wa 2003 ndio wa kwanza kuhesabu nchi nzima.

Yaani kwa zaidi ya miaka ishirini tangu KEPI ianze, namba iliyoitwa "ya kitaifa" ilikuwa ya taifa lisilokuwa na sisi. Hakuna aliyeweza kusema Turkana wanakataa au wanakubali, kwa sababu hakuna aliyekuja kuuliza. (Na kabla hujasema kushuka kote ni kwa sababu ya kutuingiza: kati ya 1993 na 1998 bado hatukuwemo, na bado ilishuka kwa pointi 14. Hiyo ni yenu.)

Kuhesabiwa kwenyewe kuna kisa. Sensa ya 1999 ilisema Turkana ina watu 450,860. Ya 2009 ikasema 855,399. Karibu mara mbili. Serikali ikasema haiwezekani, ikafuta matokeo ya wilaya 8 nchini, na 3 kati ya hizo zilikuwa zetu: Turkana Kaskazini, ya Kati na Kusini. Kesi zikaenda mahakamani, kelele zikapigwa, kwa sababu kila mtu anajua hesabu ya watu ndiyo hesabu ya pesa na viti bungeni. Sensa ya 2019 ikaleta 926,976.

Sijaingia kwenye ugomvi wa nani alidanganya. Ninachosema ni hiki: asilimia ya chanjo ni watoto waliochanjwa, ukigawanya kwa watoto wanaodhaniwa wapo. Kama hujui watoto ni wangapi, hiyo asilimia ni ya kubuni. Na shehena ya chanjo inapangwa kwa hesabu hiyo hiyo. Ukikadiria watoto wachache, dozi zinaisha kabla ya mwezi kuisha, na ripoti inaonyesha umefanya vizuri sana, hata zaidi ya mia kwa mia. Ongeza watoto wanaovuka kutoka Ethiopia na Sudan Kusini ambao nesi hawezi kuwafukuza, na ambao hawako kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Sasa nikuonyeshe "kukataa" kunavyoonekana chini.

Nilikuwa nimeketi nje ya zahanati moja huku kaskazini, sitaitaja. Akaja mama na mtoto mgongoni, ametembea tangu usiku kukwepa jua. Mtoto amefikisha miezi tisa, zamu ya surua. Nesi akaangalia kitabu, akahesabu watoto waliokuwepo, wawili, akamwambia: mama, rudi Alhamisi. Mama hakubishana. Alikaa kivulini kidogo, akaomba maji, akaondoka. Sijui kama Alhamisi alirudi. Mimi nisingerudi.

Nesi hakuwa mbaya. Chanjo ya surua inakuja unga kwenye kichupa cha dozi 10. Ukishachanganya na maji yake, una saa sita tu, kilichobaki unamwaga. BCG ni dozi 20 kwa kichupa. Mwongozo unasema mtoto akifika, fungua, hata kama ni mmoja. Lakini nesi huyo anajua kichupa kikiisha, kingine kitatoka Kitengela, kipitie bohari ya kanda Eldoret, kifike Lodwar, halafu kingoje gari lenye mafuta. Anajua pia ataulizwa kwa nini amemwaga dozi nane. Kwa hiyo anafanya hesabu ya mtu aliye mbali. Na kwenye ripoti yule mtoto ataandikwa kama ambaye mama yake hakumleta.

Ukinieleza kwamba huyo mama amekataa chanjo, nitakuuliza umejuaje.

Twende kwenye ndui, halafu sotoka, maana hapa ndipo hoja ya "wafugaji hawachanjiki" inapovunjika kabisa.

Ndui iliua watu kwa maelfu ya miaka. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Maana yake nini? Maana yake vita ya mwisho ya ndui ilipiganwa kwenye nchi za wafugaji, Somalia na Ogaden, kati ya watu wanaohama na ngamia. Wachanjaji waliwafuata visimani, sokoni na kwenye malisho. Wakaimaliza. Na Maalin mwenyewe, ambaye alikuwa ameikwepa chanjo ingawa alifanya kazi hospitalini, si mfugaji wa porini, alikuja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio. Alifariki Julai 2013 kwa malaria akiwa katikati ya kampeni.

Kwa nini ndui iliwezekana? Sababu moja kubwa ni kwamba chanjo yake ilikaushwa ikawa unga ambao uliweza kukaa hata mwezi mzima kwenye joto la nyuzi 37. Na sindano yake ya ncha mbili mtu wa kijiji angefundishwa kuitumia siku hiyo hiyo. Haikudai friji Lokitaung.

Sotoka sasa, ugonjwa wa ng'ombe. Hiyo ndiyo iliyomaliza mifugo ya Wamaasai na wengine miaka ya 1890. Chanjo nzuri ya sotoka ilitengenezwa hapa hapa Kenya, Muguga, na Walter Plowright na wenzake, karibu na 1960. Tatizo lake ni lile lile, baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jeffrey Mariner na wenzake wakaipata ile inayovumilia joto kwa wiki kadhaa. Wakafanya jambo la pili, ambalo nadhani lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: wakaacha kutegemea madaktari wa mifugo wenye Land Rover peke yao, wakawafundisha wafugaji wenyewe. Kijana anayejulikana kwenye boma, anayeujua ng'ombe wa nani uko wapi, anapewa chanjo anaibeba kwa miguu.

Na hili halikufanyika mbali na sisi. Lokichoggio, Turkana hii hii, ndiko ulikokuwa mlango wa misaada ya Sudan Kusini tangu 1989. Mwaka 1993, kwa mpango ulioendeshwa na UNICEF kutoka huko, ng'ombe zaidi ya milioni moja walichanjwa kwa mwaka mmoja Sudan Kusini, vita ikiendelea. Njia hiyo hiyo ilitumika kwa majirani wa eneo la Karamoja. Virusi vya mwisho vya sotoka duniani vilipatikana kwa nyati wa Mbuga ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imekwisha. Ni magonjwa mawili tu ambayo binadamu amewahi kuyafuta: ndui na sotoka. Yote mawili, mwisho wake ulikuwa mikononi mwa wafugaji wa pembe hii ya Afrika.

Na jambo linaloniuma: surua na sotoka ni ndugu. Virusi vyao vina babu mmoja. Aliyekuwa kwa ng'ombe amefutwa. Aliye kwa watoto bado yuko, na 2022 alipozuka, Turkana ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotajwa.

Mambo haya si ya Turkana peke yake. Huko Chad watafiti walitembelea kambi za wafugaji mwishoni mwa miaka ya 1990 wakakuta ng'ombe wamechanjwa na hakuna mtoto hata mmoja aliyekamilisha chanjo. Kwa nini? Daktari wa mifugo alikuwa anakwenda kambini. Nesi alikuwa anangoja. Wakaziunganisha timu mbili gari moja, na watoto wakaanza kuchanjwa. Huku kwetu jambo kama hilo tunaliita kimormor, huduma zote mahali pamoja: mbuzi wanatibiwa, watoto wanachanjwa, mama mjamzito anapimwa, vyeti vya kuzaliwa vinaandikwa. Mzee anakuja kwa ajili ya mbuzi, mjukuu anaondoka na dozi. Sijamsikia mzee akikataa.

Kwa hiyo njia inajulikana. Shida ni nani analipa mafuta siku ambayo hakuna dharura.

Maana dharura ikiwa, pesa zinapatikana. Kenya ilikuwa haina polio tangu 1984, ikarudi 2006 upande wa Garissa. Mwaka 2009 ikaingia Turkana kutoka Sudan Kusini, na watoto 19 wakapooza. Ghafla magari yakajaa Lodwar. Timu zikapita boma kwa boma na matone, kila mtoto kidole chake kikatiwa wino. Watu waliosemekana hawafikiki wakafikiwa, tena mara kadhaa mwaka huo huo. Mlipuko ukazimwa. Magari yakaondoka. Friji ya zahanati ikabaki na gesi yake ya kuhesabu.

Ukifanya hivyo mara nyingi, unazaa shaka. Mzee wa kawaida huuliza swali la haki kabisa: mbona mnakuja mbio na matone ya polio, na nikiwaambia mtoto ana homa mnasema mimi nina polio tu? Hapo ndipo uvumi hupata nafasi. Mwaka 2014 Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya lilidai chanjo ya pepopunda kwa wanawake imetiwa homoni ya kuzuia uzazi. Wizara, WHO na UNICEF walikanusha. Mwaka 2015 maaskofu wakawataka waumini wasusie kampeni ya polio hadi chanjo ipimwe. Mimi msimamo wangu ni kwamba dai lile la homoni halikuthibitishwa na lilifanya madhara. Lakini fikiria lilivyomfikia mama wa Turkana: sista wa misheni ndiye aliyekuwa amemchanja yeye na watoto wake miaka yote. Sasa kanisa lile lile linasema ngoja. Ungemwamini nani?

Halafu Septemba 2024. Wizara ya Afya ilitangaza visa vya polio Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyoko tangu 1992. Aina hii inaitwa polio itokanayo na chanjo, na jina hilo limewapa watu wa uvumi sherehe, kwa hiyo nieleze. Matone ya polio yana virusi vilivyodhoofishwa. Mtoto akimeza, vinapita tumboni na kutoka. Kama watoto wengi wamechanjwa, vinakufa hapo. Kama wengi hawajachanjwa, vinazunguka mtoto hadi mtoto miezi na miaka, vikipata nguvu upya, hadi siku moja vinapoozesha mtu. Kwa hiyo ugonjwa huu ni kama risiti. Unaonyesha mahali ambapo kwa muda mrefu watoto wamekuwa wakirukwa. Kampeni ya Oktoba ilienda Turkana, Trans Nzoia, Bungoma, Busia na Nairobi. Ndiyo, Nairobi, maana virusi vilikutwa kwenye maji taka ya Kamukunji. Lile "mbali" la Turkana halikuvizuia.

Sasa zile sentensi mbili zilizobaki, za kaunti na serikali kuu. Katiba ya 2010 iligawa kazi. Kununua chanjo na kuzifikisha kwenye bohari kumebaki kwa serikali ya kitaifa. Manesi, zahanati, friji, gari na mafuta ya kwenda kwenye adakar ni kazi ya kaunti tangu 2013. Kwa hiyo mtu akisema "chanjo hakuna", uliza: bohari iko tupu, au bohari imejaa na gari halina mafuta? Ni majibu mawili yenye wahusika wawili. Katikati ya 2025 BCG na polio ziliadimika nchi nzima. Hiyo haikuwa ya kaunti. Lakini zahanati iliyofungwa kwa sababu nesi wake mmoja yuko likizo, hiyo usiipeleke Nairobi.

Na kuna mtu wa tatu mezani ambaye hagombei kiti. Sehemu kubwa ya bili ya chanjo zetu imekuwa ikilipwa na Gavi, na Kenya imepangiwa kujitegemea kufikia 2029. Juni 2025 Marekani ilitangaza kuacha kuichangia Gavi. Mwanzoni mwa mwaka huo huo misaada yao ya afya ilikuwa imesimamishwa, na safari nyingi za kliniki za kuhamahama kaskazini zilikuwa zikitegemea pesa za wahisani. Kumbuka Wanorwe wa 1990.

Kwenye utafiti wa 2022 nchi ilifika asilimia 80 ya watoto waliokamilisha chanjo za msingi. Safari hii na sisi tumo kwenye hesabu. Ukitaka kubishana na mgombea wako kuhusu hili, usimuulize kama anapenda watoto. Muulize bajeti ya mwaka huu ina shilingi ngapi za mafuta ya kliniki za kuhama, zipo kwenye ukurasa gani, na mwaka jana zilitoka mwezi wa ngapi. Wa Turkana mnaosoma, hasa wa Kibish, Kaikor na Todonyang: mara ya mwisho gari la chanjo lilipofika kwenu bila kuwa na mlipuko ilikuwa lini? Andikeni hapa chini. Mwezi na mahali vinatosha, majina ya watu acheni.